Ubeleko wa Baba

Mshenga alipofika kwenye ubeleko, shingo zote sebuleni zilinyooka. Tulikuwa nyumbani kwangu Troyeville, Johannesburg, Jumamosi iliyopita, wazee wa upande wa mume wamekaa kwenye makochi niliyoyafunga vitambaa kwa mikono yangu mwenyewe, sinia limewekwa katikati ya zulia. Kilemba kilikwisha kutolewa, nacho ni cha baba wa binti, hakina utata. Mkaja aliupokea dada yangu aliyetoka Tanga, akaushika kwa niaba ya marehemu mke wangu. Ukabaki ubeleko, ile zawadi ya mama wa binti, shukrani kwa mgongo wake uliombeba mtoto tangu mchanga mpaka akasimama kwa miguu yake. Kijana mmoja wa upande wao, mwenye suti ya kubana, akauliza kwa adabu kama nao apewe shangazi. Mshenga alinyanyuka kwa kujikongoja, maana magoti yamemchoka, akampita dada yangu, akauweka ubeleko kwenye mapaja yangu. "Huu wa huyu," alisema. "Msiniulize maswali. Nilikuwepo."

Mshenga huyo ni Chande. Tulikuwa hatujaonana miaka mingi, tangu alipohamia Durban, na sikujua kwamba ndiye atakayeletwa mpaka nilipofungua mlango nikakuta meno yake yale yale yakinichekea. Vijana walidhani ametania, wakacheka kidogo, wakaendelea na soda zao. Lakini yule wa suti ya kubana alinifuata baadaye barazani. "Baba, samahani, kwani ilikuwaje?" Nikamjibu kwa sentensi mbili, kwamba mke wangu alifariki mtoto akiwa mchanga na mimi nikamlea. Akatikisa kichwa kwa heshima, akaridhika. Mimi sikuridhika. Jibu lile lilikuwa fupi mno kwa mwaka ule, na limenikera tangu Jumamosi, basi nimekaa niandike lile refu.

Wakati huo tuliishi Berea, ghorofa ya juu kabisa, kwenye jengo ambalo lifti yake ilikufa kabla hatujahamia. Mke wangu Rehema alipokuwa hai tulikuwa na chumba chetu chenye mlango. Alipoondoka, kifua kilimbana mwanzoni mwa baridi na hata mwezi haukuisha, chumba kile nikashindwa kukiendesha peke yangu, nikarudi geto la wanaume kwenye jengo lile lile. Geto lilikuwa fleti moja iliyogawanywa kwa mapazia na mbao laini. Kila mtu na kitanda chake, pazia lake, ndoano yake ya kutundikia koti. Jikoni palikuwa na jiko la umeme la sahani mbili ambazo moja haikuwaka, na zamu za kupika zilizofuatwa kuliko sheria za nchi. Jumatatu samaki wa kopo kwa ugali, Jumanne miguu ya kuku, Jumapili pilau la Mzee Kombo, na ole wake aliyethubutu kunyanyua mfuniko kabla ya wakati. Mzee Kombo alikuwa Mzanzibari, mkubwa wetu sote, na ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa chama chetu cha kuzikana. Chande alikuwa wa Temeke, dereva wa teksi, mwenye mdomo usiolala. Na mimi nikaingia na begi moja, godoro, na binti huyu, Zuhura, ambaye alikuwa bado hajajua kukaa.

Hakuna aliyenifukuza siku ya kwanza. Msiba ulikuwa mbichi na watu wetu ni wa huruma. Wanawake wa Kitanzania pale mtaani walimchukua kwa zamu mchana nilipokwenda kazini, na jioni nilipanda ngazi zote zile na mtoto kifuani kama mtu aliyebeba ndoo iliyojaa. Lakini kila mmoja wa wanawake wale alikuwa na meza yake ya biashara na watoto wake, na zamu zikaanza kulegea. Ndipo Mzee Kombo akaniita, Jumapili baada ya pilau, sahani zikiwa bado chini.

"Athumani, mwanangu," alisema, "tumekaa wazee, tumezungumza. Bi Saumu, yule muuza chapati, anakwenda Tanga Desemba. Mtoto atakwenda naye, akalelewe na bibi yake mzaa mama. Huko kuna wanawake, kuna nafasi, kuna joto."

"Shukrani, mzee," nikamwambia. "Lakini Zuhura atakaa na mimi."

"Mtoto wa kike ana mambo yake. Leo anataka maziwa tu. Kesho atakua. Nani atamwambia mambo ya wanawake?"

"Akikua nitauliza. Mdomo ninao."

Chande akapasuka kicheko. "Eish, bra, huyu ameshakuwa Mama Zuhura!" Wote wakacheka, hata mimi nikatabasamu kwa sababu sikutaka waone nilivyoumia. Mzee Kombo hakucheka. Alisema hili si suala la kubishana kwenye masufuria, kwamba geto ni la watu wanaolinda maduka usiku na kulala mchana, kwamba mkwe wangu amekwisha kupigiwa simu na amekubali, na kwamba mtu akikataa neno la wazee wake ugenini ajiulize nani atamzika. Alilisema kwa upole, na huo upole ndio uliokuwa na makali. Asiyewahi kuishi ugenini hawezi kulijua tishio lile. Sisi hatukuwa na shamba, ukoo wala kaburi la babu katika mji huu. Tulikuwa na chama, basi. Niliosha sahani zangu, nikaenda nyuma ya pazia langu, nikamtazama mtoto aliyelala katikati ya godoro mikono juu kama mtu aliyesalimu amri, nikasema kwa sauti nijisikie mwenyewe: haendi mtu.

Nikampigia mkwe wangu kutoka simu za kulipia za kwenye kontena pale kona. Alilia, nikalia, kisha akasema, "Niletee mjukuu wangu, baba. Mwanaume atajuaje?" Nilimwambia mama, nipe mwaka mmoja tu, ukiona simwezi nitamleta mwenyewe. Akasema mwaka ni mrefu kwa mtoto asiye na mama. Yule mama hakuwa mbaya, naye alikuwa amempoteza binti yake kwa simu, bila hata kumwona uso. Nilimwelewa kabisa na bado sikukubali.

Kazi yangu ilikuwa Doornfontein, karakana ya makochi ya Papa Ilunga, Mkongo wa Lubumbashi, mtu mkubwa wa mwili ambaye akikaa kwenye kochi la kujaribia tulijua kama limeshika. Siku ambayo hakuna mwanamke aliyepatikana wa kukaa na Zuhura, nilikwenda naye. Nikampangia kitanda ndani ya kiti kikubwa kisicho na mguu mmoja, nikamzungushia sponji. Alilia tangu nilipomweka. Nilimlisha, akalia. Nilimbadilisha, akalia. Nikimnyanyua ananyamaza, nikimweka analia, na huwezi kupiga stepla kochi kwa mkono mmoja. Papa Ilunga alizunguka akiguna, mwisho akasimama mbele yangu.

"Papa Athumani, ule mutoto haiko mugonjwa. Iko na njaa ya mugongo."

"Mgongo gani?"

"Wa mama. Sasa mama hakuna. Njo vile." Akainua mabega, yaani ndivyo ilivyo, akaenda zake, kana kwamba amenipa habari ya hali ya hewa.

Mlangoni mwa karakana alikaa bibi mmoja wa Kizulu aliyeuza chai na maandazi yao wanayoyaita amagwinya. Alikuwa amesikiliza kilio chote kile akikaanga. Akaja ndani, mikono ina unga, akanipigia kelele, "Hhayi, baba! Beletha ingane!" Sikujua Kizulu zaidi ya salamu, lakini kwa mtu wa Tanga neno lile halikuhitaji mkalimani. Mbeleko ni mbeleko. Akaniinamisha kwa kunisukuma shingo, akamlaza Zuhura mgongoni kwangu, akavuta blanketi dogo chini ya makalio ya mtoto, akalikaza juu ya kifua changu na kuchomeka ncha ndani, akapigapiga kuhakikisha. Nilinyooka polepole nikiwa na hofu tupu. Kilio kikakatika. Nikausikia uzito wake ukilegea, shavu lake likilala katikati ya mabega yangu, na joto lake likaanza kupita kwenye shati. Ilikuwa baridi ya Johannesburg, ile inayoingia mpaka kwenye kucha, na ulikuwa mwezi wa tatu tangu nimzike Rehema, na kwa mara ya kwanza sikuhisi baridi mgongoni. Nilifunga kochi zima siku ile bila kumwamsha.

Tatizo lilikuwa kurudi nyumbani. Ndani ya karakana lilikuwa jambo letu. Barabarani, mwanaume mwenye ndevu na mtoto mgongoni lilikuwa tamasha. Madereva walipiga honi kwenye robot, taa za barabarani. Wanawake wa Kizulu walishangilia, lakini watu wetu, Waswahili, hao ndio walionikata. Mmoja aliniuliza kama nimerogwa. Mwingine alinivuta pembeni kwa nia njema kabisa, akanishauri nimbebe kifuani, kwa kuwa kifuani ni kubeba tu, mgongoni ni umama. Nilimuuliza tofauti iko wapi. Akafikiri, akasema, "Kifuani unaweza kumweka chini wakati wowote." Huyo hakujua amesema kweli kiasi gani. Ndiyo maana nilimtaka mgongoni.

Sasa niseme habari ya kanga, maana nasikia Chande ameshaisimulia Durban nzima na kila mara anaikosea. Blanketi la yule bibi lilikuwa la kuazima. Kwenye begi la Rehema nikakuta kanga ya manjano na nyeusi, mpya, nzito, haijafuliwa hata mara moja. Nikaona hii ndiyo. Jumamosi nikajifunga mtoto vizuri, nikashuka ngazi zote, nikakata mtaa kwenda kununua viungo kwenye meza za wanawake wa Kitanzania pale karibu na mpaka wa Hillbrow. Meza ya mwanzo ilikuwa ya Bi Saumu, aliyeuza chapati na iliki, mwanamke mrefu mkimya asiyependa mzaha. Nikasalimia, nikapita. Nyuma yangu ukazuka ukelele. Wanawake walikuwa wamejikunja, mmoja amelalia meza, mwingine anafuta machozi kwa kitambaa cha kichwa. Bi Saumu peke yake ndiye aliyekuwa hacheki. Uso wake ulikuwa umefunga kama duka.

Mwanaume hasomi kanga. Hilo ndilo kosa letu sote. Tunazinunua, tunazipeleka nyumbani, hatusomi. Chande ndiye aliyenikimbilia, akanigeuza, akasoma kwa sauti maandishi yaliyopita sawasawa juu ya makalio ya mwanangu: MUME NI WANGU, NYIE MTAISHIA KUSEMA. Nikasimama pale katikati ya njia, mgane mwenye ndevu, nikiutangazia mtaa kwamba mume ni wangu. Na kisha nikaelewa jambo la pili, ambalo wanawake wote pale walilijua isipokuwa mimi. Rehema aliinunua kanga ile kwa ajili ya mtu. Kulikuwa na maneno, eti Bi Saumu akinipimia chapati huwa anaongeza moja na tabasamu. Rehema alikuwa akingoja siku nzuri ya kuivaa na kupita mbele ya meza ile. Hakuipata. Nikampitishia mimi.

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Kisha sikuwa nacheka tena. Yule mwanamke alikuwa amenipigania, mimi huyu, fundi makochi asiye na lolote, na sikujua. Nilimlilia Rehema barabarani siku ile kuliko nilivyomlilia makaburini, mtoto akirukaruka mgongoni akidhani ni mchezo. Nilirudi siku iliyofuata kumwomba radhi Bi Saumu. Alinisikiliza akiendelea kusukuma chapati, akasema tu, "Shemeji, siku nyingine maandishi yaweke ndani," na hakuniangalia. Nikajua nimempa Mzee Kombo msafirishaji mwenye sababu ya kunichukia.

Jumapili moja nilikwenda nyumbani kwa Papa Ilunga, Troyeville, kuchukua sindano zake zilizopinda za kushonea makochi. Nilibisha hodi, nikasikia maji yakimwagika, watoto wakicheka, kisha kimya cha ghafla. Alifungua mlango kwa ufa, povu limemfika kwenye kiwiko, akasema alikuwa anaosha gari. Papa Ilunga hakuwa na gari. Tulitazamana. Nyuma ya goti lake kikachungulia kichwa cha mtoto chenye povu, nacho kikaniambia "Hi, uncle." Basi akanivuta ndani, akafunga mlango kwa funguo mara mbili. Mkewe alikuwa sokoni akisuka watu nywele kila Jumapili, na mtu huyu mkubwa alikuwa anawaogesha watoto wake wanne, anawapaka mafuta, anawachana, anawapikia uji wa mchele wenye maziwa, yote nyuma ya mlango uliofungwa. Mkewe akirudi mlango unafunguliwa, na yeye anakaa kwenye kochi anaagiza chai.

Alinifundisha mengi siku ile, na shukrani zangu kwake hazina mwisho. Alinionyesha namna ya kushika kisogo cha mtoto kwa kiganja na kwapa kwa vidole, namna ya kupima maji kwa kiwiko, namna ya kusaga boga lililochemshwa mpaka lipite kwenye kijiko kidogo. Alipomaliza akakaa mbele yangu, magoti yetu yakigusana, akaniambia kama kaka.

"Fanya yote. Lakini ufunge mulango. Banaume bakiona, heshima inakwisha. Na mwanaume bila heshima hapa Joburg iko nini? Hakuna kitu."

"Papa Ilunga, mtoto wangu hakuibwa. Kwa nini nimfiche?"

"Si kumuficha mutoto. Unajificha weye."

"Hapo ndipo sitaki."

Alikasirika kidogo, na nadhani alikuwa na haki, kwa kuwa nilikuwa namkosoa mtu ndani ya nyumba yake na uji wake uko mdomoni mwangu. Lakini sikuwa na mke wa kurudi jioni kufungua mlango. Kama ningefunga, ungebaki umefungwa. Siku hizi nawaona vijana wetu kwenye bustani ya Bez Valley wamefunga watoto vifuani kwa vile vibebeo vya dukani vyenye mikanda na vifungo, miwani ya jua machoni, wanajipiga picha. Sina kinyongo, nawafurahia. Ila huwa najiuliza wangapi kati yao wana mlango wa Papa Ilunga nyumbani, na wangapi wangembeba mtoto yule yule kama hapangekuwa na kamera.

Getoni mambo yaliendelea kubana. Jioni nilipokuwa nyuma ya pazia nikimlisha, niliyasikia mazungumzo, maana pazia halina siri. Anajifanya. Anataka kuonekana. Hatapata mke tena, mgongo wake umeshakuwa wa kike. Jioni moja lakini, baada ya Zuhura kulia kwa meno yaliyokuwa yanatoka, nilimsikia mlinzi mmoja kitanda cha pili akimwambia mwenzake polepole, "Wangu yuko darasa la nne. Sijawahi kumsikia akilia. Nilimwacha tumboni." Yule mwenzake akasema, "Zima taa tulale." Tangu hapo sikuzichukia kelele zao za kulalamika. Nilijua kilio cha mwanangu kinawagusa mahali ambapo hata miluzi ya mtaa mzima haikuwa inafika. Lakini kuwaelewa hakukunifanya nilegee. Niliamka mapema kuliko wote, nikafua nepi, nikazianika barazani kwenye kamba ya pamoja, wazi wazi, kati ya suruali zao za kazi. Chande alizihamisha kila siku. Kila siku nikazirudisha.

Desemba ikafika kama inavyofika Johannesburg, watu wote wa mbali wanafunga mizigo, Park Station imejaa mablanketi, redio na mabeseni. Asubuhi ya safari nilipotoka bafuni nilikuta begi la Zuhura halipo. Walikuwa wamelipanga wenyewe, nguo zake, kopo la maziwa, hata dawa ya tumbo, na Chande amelitanguliza stesheni kwenye teksi yake. Mzee Kombo alikuwa ameketi mezani na kofia yake ya kwendea shughuli. Hakupandisha sauti. "Mtoto ataondoka leo, Athumani. Ukikataa, geto si lako, na chama si chako. Nimemaliza." Ningeweza kukimbia. Troyeville kulikuwa na Papa Ilunga na mlango wake. Lakini nilijua nikikimbia leo nitakuwa mwizi wa mwanangu mwenyewe, nitamlea kwa kuchungulia dirishani. Nilitaka kusema hapana mbele ya watu, na nilitaka kumwambia Bi Saumu machoni, kwa sababu naye ni mtu mzima na alikwisha kutenga nafasi. Nikajifunga kanga ya manjano, maandishi ndani, mtoto mgongoni, tukateremka kwa miguu mpaka stesheni, Mzee Kombo akitembea upande wa pili wa barabara kana kwamba hatujuani.

Walikuwepo karibu wote, maana nusu ya mtaa ilikuwa inasafiri au inasindikiza. Begi la Zuhura lilikuwa juu ya mizigo ya Bi Saumu. Nililikuta Chande amelishikilia, haniangalii usoni, na kwa mara ya kwanza hakuwa na utani wowote. Nikamwamkia Bi Saumu. Maneno yalitoka yamenyooka.

"Bi Saumu, nakuomba radhi kwa usumbufu. Mtoto hasafiri. Kosa lolote ni langu, usilaumiwe wewe."

Mzee Kombo akasogea. "Saumu, mchukue mtoto. Huyu ana uchungu wa msiba, hajui anachosema."

Bi Saumu alimtazama Mzee Kombo, kisha akanizunguka akasimama nyuma yangu. Nikasikia mkono wake ukimgusa Zuhura, ukipima paja, ukiingia ndani ya mbeleko kuona kama kakavu. Nilijua akivuta ncha moja tu ya kanga, mtoto atamwangukia mikononi, na mbele ya watu wale sitapigana na mwanamke. Nilishika fundo kifuani kwa mikono miwili.

"Mzee Kombo, shikamoo," alisema hatimaye, na sauti yake ilikuwa ya chini kiasi kwamba watu walisogea. "Mimi nina watoto watatu Tanga. Niliwapeleka mmoja mmoja, kila mmoja alipoacha kunyonya, kama mnavyotaka nimpeleke huyu. Mama yangu kawalea vizuri, sina la kumlaumu. Mwaka jana nimeshuka kwenye basi, yule mdogo akakimbia akajificha nyuma ya bibi yake, akasema, bibi, shangazi kaja." Akakaza kitambaa chake cha kichwa. "Nimekaa wiki nzima naitwa shangazi. Nikaitika. Ningefanyaje?"

Mwanamke mmoja akaanza kunung'unika dua.

"Huyu hapa alinipita mezani na kanga ya kunisema. Na marehemu mkewe aliinunua kwa ajili yangu, najua, nani asiyejua? Simpendi, wala sina sababu ya kumpendelea. Lakini mtoto kanona, kakavu, na kalala. Mimi sibebi mtoto aliyekwisha kubebwa. Tanga nitafika, na bibi yake nitamwambia nilichokiona kwa macho yangu." Akachukua begi kutoka mkononi mwa Chande, akaliweka chini miguuni mwa Mzee Kombo. "Mkitaka aende, mzee, mvue wewe mgongoni mwa baba yake."

Kondakta alipiga makofi, watu waingie. Bi Saumu akapanda bila kuaga. Nilitaka kumwita, nimwambie neno lolote, lakini mlango ulikwisha kufungwa, na kila nilichokuwa nacho kifuani kilikuwa furaha na aibu na uchovu vimechanganyika. Basi likaanza kurudi nyuma, watu wakapunga mikono. Tulibaki sisi wanaume watatu na lile begi dogo la rangi ya waridi, hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuligusa. Mgongoni Zuhura aliamka, akaanza ile sauti yake ya kunung'unika inayotangulia kilio.

Mzee Kombo alivua kofia, akaifuta jasho kwa ndani, akaivaa tena. Kisha akainama, akalinyanyua begi, akalitundika begani juu ya kanzu yake, mbele ya stesheni nzima.

"Huyu," aliniuliza, "anakula saa ngapi?"

"Sasa hivi, mzee."

"Basi twende. Jiko lile la sahani moja linachelewa."